Fedha Iliyozidiwa na Shaba: Kukusanya Sarafu Nyeusi za Makoloni ya Ufaransa

Ukiiona sarafu yangu ya kwanza ya Kifaransa utadhani ni kipande cha bati kilichookotwa jalalani. Ni nyembamba, nyeusi tii upande mmoja, na upande wa pili wekundu wa shaba unachungulia palipochakaa. Upana wake ni milimita 23 hivi, uzito gramu mbili na kidogo. Lakini ishike karibu na taa ya mezani, mwanga uje kutoka ubavuni, kisha igeuze taratibu. Taji litajitokeza. Halafu utaziona L mbili za mwandiko wa kupinda zilizopishana, na chini yake herufi moja ndogo, H. Herufi hiyo inakwambia sarafu ilipigwa La Rochelle, bandari ya Ufaransa kwenye Atlantiki, enzi za Mfalme Louis wa 15. Kwa lenzi ya sonara nikasoma na mwaka: 1739.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe unayetaka kuanza kukusanya sarafu za zamani lakini huna mfuko wa kununua dhahabu. Sarafu hizi nyeusi ni miongoni mwa sarafu za karne ya 18 zinazopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, na moja kati yao, nitakayoieleza kwa kirefu, inatuhusu watu wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Kwanza ujue unashika nini. Madini haya huitwa biloni, yaani fedha iliyochanganywa na shaba hadi shaba ikazidi. Katika sarafu niliyokuonyesha, fedha ni kama sehemu moja kwa tano ya uzito, iliyobaki ni shaba. Lugha yetu ina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, kwa hiyo shida iliyozaa biloni hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Sarafu ya thamani ndogo ikitengenezwa kwa fedha tupu inakuwa kijidude cha kupotea mfukoni. Ikitengenezwa kwa shaba tupu inakuwa mzigo. Biloni ilikaa katikati. Na serikali ilipata faida yake hapo, kwa sababu thamani iliyotamkwa ilizidi thamani ya madini yenyewe.

Kuna jambo la kiwandani ambalo ukilielewa, mengine yote yatakaa sawa. Vile visahani vya biloni, kabla ya kupigwa chapa, vilichovywa kwenye maji makali ili shaba ya juu iliwe na kubaki ngozi nyembamba iliyojaa fedha. Sarafu ilitoka kiwandani ikimeta kama riale. Ikaingia sokoni, ikasuguana na nyingine kwenye mifuko, ikashikwa na mikono yenye jasho, ile ngozi ikaondoka, shaba ikafika juu na kugeuka nyeusi. Huko visiwa vya Karibi wasemaji wa Kiingereza walizipa jina la “mbwa weusi”. Kwa hiyo weusi ni alama ya kazi iliyofanywa na sarafu, na mabaki ya ile ngozi nyeupe, kama yapo kwenye mabonde ya herufi, ni ushahidi wa hali yake ya mwanzo. Yashike haya mawili. Tutayarudia tukifika kwenye kusafisha.

Anza na sou marqué. Jina hilo zilipewa sarafu za denie 24, yaani soli 2, zilizopigwa kuanzia 1738 hadi 1764. (Livri moja ilikuwa soli 20, na soli moja denie 12.) Hazikutengenezwa kwa makoloni peke yake, zilitumika Ufaransa kwenyewe pia, ila zilipakiwa melini kwa wingi kwenda Kanada, Louisiana na visiwa vya Karibi, kwa sababu huko sarafu ndogo zilikuwa adimu kupita kiasi. Kanada hali iliwahi kuwa mbaya hata mwaka 1685 mtawala mmoja, Jacques de Meulles, akawalipa askari kwa karata za kuchezea zilizotiwa sahihi yake. Watu waliozoea karata kuwa pesa huenda waliipokea sarafu nyeusi bila manung’uniko mengi.

Uzuri wa sou marqué kwa mwanafunzi ni kwamba ilipigwa karibu kila kiwanda cha sarafu cha Ufaransa, na kila kiwanda kilikuwa na herufi yake. A ni Paris, na ndizo nyingi zaidi. AA ni Metz, B ni Rouen, BB Strasbourg, D Lyon, H La Rochelle, K Bordeaux, L Bayonne, M Toulouse, T Nantes, W Lille. Pau haikuwa na herufi, ilichora ng’ombe mdogo. Zaidi ya hapo, nukta ikiwa chini ya D ya neno LUD, ambalo ni kifupi cha jina la mfalme kwa Kilatini, sarafu ilipigwa katika nusu ya pili ya mwaka. Hebu fikiria: kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba cha mguu, unasoma mji, mwaka na nusu ya mwaka. Bandari nne katika orodha hiyo, yaani Bordeaux, Nantes, La Rochelle na Bayonne, zilikuwa zikitazama Atlantiki na meli za makoloni, na mimi ndizo ninazozitafuta kwanza. Wengine hukusanya kwa miaka. Mimi ningekushauri ukusanye kwa viwanda, kwa kuwa macho yako yatazoea kutafuta ile herufi ndogo, na zoezi hilo litakufundisha sarafu kuliko kitabu.

Pamoja na hiyo ipo nusu yake, ya denie 12, iliyopigwa kuanzia 1738 hadi 1748. Na kabla yao zilikuwapo za denie 30 na denie 15, kuanzia 1709 hadi 1713. Zile za 30 zilipigwa Metz na Lyon na huitwa mousquetaire, kwa sababu msalaba uliochorwa juu yake ulifanana na ule wa joho la askari wa mfalme. Hizo ziache kwanza. Ni ghali kidogo na zimeghushiwa sana, ngoja uwe umeshika sarafu kama ishirini za kawaida.

Sasa nije kwenye ile inayotuhusu.

Mwaka 1779 kiwanda cha Paris, kwenye lile jengo jipya la kando ya mto Seine, Quai de Conti, lililokamilika 1775, kilianza kupiga sarafu ya biloni ya soli 3 yenye maandishi ISLES DE FRANCE ET DE BOURBON. Ilipigwa kwa miaka mitatu tu, hadi 1781, na herufi yake ni A. Hapo wengi hupotea. Isle de France hapa si ule mkoa unaouzunguka mji wa Paris, ni kisiwa cha Morisi kwa jina lake la enzi za Wafaransa. Na Bourbon ni Réunion. Basi hiyo ni sarafu ya Bahari ya Hindi, bahari yetu, na ilikuwa inatumika kwenye visiwa vya mashamba ambavyo nguvu kazi yake ilikuwa watumwa.

Watumwa hao walitoka wapi? Wengi walitoka Madagaska na Msumbiji, na wengine walitoka Kilwa. Mwaka 1776, miaka mitatu kabla ya sarafu hii, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka, kwa piastra 20 kwa kila mtu. Piastra ni ile riale kubwa ya Uhispania, fedha halisi. Hesabu hiyo huwa naiweka kichwani ninapoishika soli 3: riale nzito ndiyo iliyonunua mtu ufukweni Kilwa, na hii nyeusi nyepesi ndiyo chenji ya mkate na pombe na samaki kule alikopelekwa. Mkusanyaji wa Paris anaweza kuiandika kwenye orodha yake kama toleo fupi la miaka mitatu na akaishia hapo. Wewe msomaji wa Lindi au Mtwara una haki ya kuisoma zaidi ya hapo, na ningekuomba uisome.

Ukiitafuta minadani, usitafute kwa jina moja. Wauzaji huiweka chini ya Ufaransa, chini ya Morisi, chini ya Réunion, na asiyejua huiweka popote. Niliipata yangu chini ya “Ufaransa, mbalimbali”, imeambatanishwa na senti mbili za shaba. Pia usiichanganye na senti 10 ya ISLE DE BOURBON ya mwaka 1816. Hiyo nayo ni biloni, nayo ni ya A, lakini ilipigwa baada ya Waingereza kuichukua Morisi mwaka 1810 na Réunion kurudishiwa Ufaransa, ndiyo maana jina la kisiwa ni moja tu. Ukiziweka mbili hizi kando kwa kando unaona kisiwa kimoja kimefutika. Wapo pia wanaouza sarafu za Ngazija za Sultani Said Ali, zenye mwaka wa Hijra 1308, wakiziita biloni. Si kweli. Hizo ndogo ni za shaba nyeusi, na ile kubwa ya faranga 5 ni fedha. Ni sarafu nzuri, zenye maandishi ya Kiarabu, zinunue ukipenda, lakini kwa jina lake halali.

Upande wa pili wa dunia kuna ndugu wa soli 3: soli 2 ya COLONIE DE CAYENNE, iliyopigwa miaka ya 1780 hadi 1790, na baadaye senti 10 za Guyana ya Kifaransa za 1818 na 1846. Hizi za Cayenne zilisambaa visiwa vya Karibi vyote, na hapo ndipo habari ya chapa juu ya chapa inapoanzia.

Sarafu nyeusi zilihama kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kila serikali ilitaka kujua zipi ni zake. Katika miaka ya 1760 Wafaransa walianza kuzigonga sarafu kuukuu chapa ya C yenye taji, C ya makoloni. Baadaye wakagonga C hiyo hiyo kwenye visahani vitupu, visivyo na picha nyingine yoyote. Waingereza nao waliziokota sarafu za Kifaransa na kuzigonga majina yao: NEVIS kwa kisiwa cha Nevis, SV kwa Saint Vincent, TB kwa Tobago. Sarafu moja inaweza kubeba mfalme wa Ufaransa chini na kisiwa cha Mwingereza juu yake.

Hapo ndipo pesa zako zitakapoliwa usipokuwa makini. Kughushi sou marqué nzima ni kazi, lakini kughushi herufi C ni kuchukua nyundo na patasi tu. Tazama mambo matatu. Geuza sarafu: chapa halisi ikigongwa kwa nguvu hubonyeza upande wa nyuma, pale mkabala na chapa picha huwa imelala. Tazama ndani ya mifereji ya chapa kwa lenzi: weusi wa humo uwe sawa na weusi wa sarafu nzima. Ikiwa sarafu ni nyeusi na chapa ni nyekundu inayong’aa, imegongwa juzi. Mwisho, tazama kingo za chapa zimechakaa kiasi gani. Sarafu iliyotembea miaka thelathini baada ya kugongwa itakuwa na kingo laini. Na ile C kwenye kisahani kitupu, usiinunue kabisa mpaka umeshika kadhaa zisizo na shaka.

Vifaa si vingi. Lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya sonara, ndiyo muhimu. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, na kalipa ya kupimia upana. Uzito wa sou marqué kwa mujibu wa amri ni gramu 2.18 kwa wastani, kwa kuwa 112 zilitakiwa zitimize kipimo kimoja cha Kifaransa kilichoitwa marc. Zilipimwa kwa fungu, hazikupimwa moja moja, ndiyo maana utaona mbili mpya zenye tofauti. Iliyochakaa ikiwa na gramu 1.8 usishangae.

Kipimo cha maji nacho ni rahisi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ining’inize sarafu kwa uzi hadi izame bila kugusa chini. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Biloni ya aina hii itakupa karibu 9.2. Shaba tupu hutoa karibu 9, fedha tupu 10.5, zinki 7, risasi zaidi ya 11. Utaona mara moja kwamba kipimo hiki kitaumbua zinki na risasi, lakini hakiwezi kutenganisha biloni na shaba, kwa sababu kosa dogo la mizani kwenye sarafu nyepesi namna hii linatosha kuziba pengo. Zilizoghushiwa wakati ule ule wa karne ya 18 nyingi zilikuwa shaba iliyopakwa weupe juu. Kwa hizo tegemea macho: herufi zisizolingana, taji lililochorwa na mtu asiyejua taji, mshono ukingoni, vijishimo vya hewa kama vya chapati. Na ukikuta ya kughushi ya zamani, usiitupe. Kuna wakusanyaji wanaozithamini sana, nami nimezipenda, maana mtu alihatarisha maisha yake kwa kuitengeneza.

Sasa kusafisha. Nyumbani kwetu masinia ya shaba yalisafishwa kwa ukwaju, yakatoka yanang’aa kama jua la saa nne. Nilipopata sarafu yangu ya pili, ya Bayonne, nikailowesha kwenye ukwaju nusu saa na kuisugua kwa kitambaa. Ilitoka ya waridi, rangi ya ngozi iliyoungua na kubambuka. Ule weusi ulikuwa umeyajaza mabonde ya herufi na kuyafanya yasomeke. Ulipoondoka, maandishi yalizama. Mabaki ya ngozi ya fedha kandokando ya taji yaliondoka na kitambaa. Hakuna dawa ya kurudisha. Ninayo hadi leo, na huwa naiweka mkononi mwa kila kijana anayeniuliza kuhusu limau, magadi, dawa ya meno au kola. Jibu ni hapana kwa yote.

Unachoweza kufanya ni kuondoa uchafu usio sehemu ya sarafu. Ilaze siku mbili tatu kwenye maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya kujazia betri, ila soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za aina hiyo. Badilisha maji kila siku. Kikaushe kipande kwa kukigusisha tishu, usisugue. Udongo ulioganda ulainishe kwa mafuta ya zeituni kwa siku chache tu, kisha uudonoe kwa mwiba au kijiti cha mianzi, usitumie sindano. Grisi na gundi huondoka kwa asetoni safi. Usitumie ile ya kuondolea rangi ya kucha, yenye manukato na mafuta. Fanyia nje, mbali na jiko.

Sisi tunaoishi pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, hiyo ni chumvi inayoila shaba. Itenge sarafu hiyo na nyingine siku hiyo hiyo, iloweshe maji niliyoyataja kwa majuma, ikaushe sawasawa, na uiangalie kila mwezi. Hifadhi ziwe kwenye bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi au vipochi vya plastiki ngumu. Plastiki laini inayonuka kama mpira mpya ikae mbali, hutoa utando wa kijani unaonata. Boksi liwe na mfuniko wa kubana, ndani uweke vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe.

Kuhusu bei, sou marqué ya kawaida iliyochakaa lakini yenye mwaka na herufi vinavyosomeka ni makumi ya dola, mara nyingine chini ya hapo. Lipa zaidi kwa kusomeka kuliko kwa kung’aa. Omba picha za pande zote mbili juu ya rula, uzito, na upana. Muuzaji akikwepa kukupa uzito, achana naye. Ukifika Paris, maduka ya sarafu yapo kandokando ya mtaa wa Vivienne, karibu na jengo la soko la hisa la zamani. Nenda ukatazame hata kama hununui, omba ruhusa ya kushika, kwa sababu vidole hujifunza. Kwa vitabu, katalogi ya Robert Vlack ya mwaka 2004 juu ya biloni ya Kifaransa katika Amerika inatosha kwa sou marqué. Kwa Bahari ya Hindi mtafute Ernest Zay, kitabu chake kikubwa cha historia ya fedha za makoloni kilichapishwa 1892.

Na kama sarafu hukuinunua bali umeiokota, tuseme ufukweni Kilwa Kisiwani baada ya maji kupwa, simama hapo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinalindwa nayo. Piga picha ilipolala, weka alama mahali, toa taarifa idara inayohusika. Sarafu ya Kifaransa iliyotoka ardhini Kilwa, pamoja na mahali pake, inaweza kuwaambia wanahistoria jambo ambalo sarafu elfu za mnadani haziwezi.

Kila inayoingia boksini mwako iandikie kadi siku hiyo hiyo, kwa penseli, kabla hujasahau. Kadi ya soli 3 yangu inasema hivi: Isles de France et de Bourbon, 1780, A. Biloni. Gramu 2.3. Nyuma imechakaa, taji linasomeka. Haijasafishwa. Imenunuliwa mnadani chini ya “Ufaransa, mbalimbali”. Na chini kabisa, kwa mkono wangu: mkataba wa Morice, Kilwa, 1776.